Kikombe, Sindano na Kamba ya Katani

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka taratibu.)

Hamjambo wasikilizaji, mlioko Chawia, Bura, Mwatate, Wundanyi, na nyinyi wa kule chini Voi mnaosikiliza huku mkijipepea kwa joto. Karibuni katika kipindi cha afya. Kabla hujakaa vizuri, nakuomba kitu kimoja: tafuta kamba. Kamba yoyote isiyovutika. Ukiwa na ya katani itapendeza zaidi, maana Mwatate yetu na katani ni kama chanda na pete. Iweke karibu, tutaihitaji.

Leo nina mgeni, lakini hayuko studioni. Nimemtunga mwenyewe, ingawa najua wengi mtamtambua. Ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Chawia, mwenye kibanda cha biashara Voi. Ana kilo 88 na urefu wa sentimita 160. Wiki jana muuguzi alimpima, akamwambia, “Mama, presha imeanza kupanda na sukari iko mpakani. Punguza mwili.” Foleni ilikuwa ndefu, akaambiwa hivyo tu.

Sasa yuko stendi ya Voi, anasubiri matatu ijae. Kwenye kiondo ana pakiti ya chai aliyouziwa, imeandikwa kwamba ni ya asili, haina kemikali, inakata tumbo kwa siku kumi na nne. Na kwenye simu ana ujumbe wa binti yake aliyeko Mombasa: “Mama, achana na vichai. Siku hizi kuna sindano, unachomwa mara moja kwa wiki.” Anajiuliza: nishike dawa, au nishike njia ya asili?

Mama yangu, nakujibu hivi: swali lako ni zuri, ila limepinda mahali. Tulinyooshe kwanza.

Tuanze na kikombe. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sanamaki. Wazee wanaijua sanamaki, ni dawa ya kuendesha. Ukinywa jioni, asubuhi utakimbilia chooni, na ukipanda mizani utaona umepungua kilo moja au mbili. Lakini kilichotoka ni maji na choo. Chakula kilikwisha kunyonywa juu, kwenye utumbo mwembamba, kabla sanamaki haijafanya kazi yake kule chini kwenye utumbo mpana. Mafuta ya kiunoni hayakuguswa. Ukinywa tena maji, kilo zimerudi. Na ukiendelea miezi na miezi, mwili unapoteza chumvi zake, hasa potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa.

Kwa hiyo ile chai ni dawa. Imevaa tu kanzu ya asili.

Kuna kisa cha Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kliniki moja ya kupunguza uzito ilikuwa ikiwapa wanawake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Badala ya mmea mmoja, uliwekwa kimakosa mwingine wenye sumu, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Wengine walibaki wakitegemea mashine ya kusafisha damu, wengine wakapandikizwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea ule ulikuwa wa asili kabisa. Uliota ardhini, ukapata mvua na jua kama mihogo yetu.

Lipo pia tatizo la kuchanganyiwa usichokijua. Kulikuwa na dawa ya kupunguza hamu ya kula, sibutramine. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Lakini haikutoweka. Maabara za nchi mbalimbali zimeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya chai na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu. Basi ukiona chai inakukata njaa ghafla, moyo unakwenda mbio na usingizi huupati, usishukuru. Shtuka.

Sasa geuza upande wa pili. Metformini, kidonge wanachokijua watu wengi wenye ugonjwa wa sukari, kilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega. Orlistat, kidonge kinachozuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasinyonywe, asili yake ni bakteria wa udongoni. Na sindano anazozungumzia binti yako? Mojawapo ya njia zilizotufikisha huko ilianzia kwenye mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani, ambamo daktari John Eng aligundua kemikali inayofanana na homoni ya utumbo wa binadamu.

Unaona, mama? Cha dukani kimetoka porini, na cha porini kinaweza kuwa dawa kali. Kuuliza kimetoka wapi hakutakufikisha mbali. Uliza maswali matatu: Kinafanya nini ndani ya mwili wangu? Nani amekipima, na nani atakuwa akinipima mimi? Na siku nikikiacha, kutatokea nini?

(Muziki mfupi.)

Tuichukue sindano na maswali hayohayo.

Kinafanya nini? Ukila, utumbo hutoa homoni ya kuuambia ubongo kwamba imetosha. Semaglutide, ambayo wengi wanaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy, inaiga homoni hiyo. Tumbo linachelewa kumwaga chakula, na ubongo unaacha kudai sahani ya pili. Marekani iliiruhusu mwaka 2017 kwa ugonjwa wa sukari, kisha mwaka 2021 ikaruhusu dozi kubwa zaidi kwa ajili ya uzito.

Nani ameipima? Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa dawa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2 na kidogo. Kwa mama yetu wa kilo 88, asilimia 15 ni kilo 13. Si mchezo. Lakini sikiliza vizuri: makundi yote mawili yalikuwa yakishauriwa kuhusu chakula na mazoezi muda wote. Sindano ilipimwa ikiwa pamoja na sahani na miguu. Anayekuuzia sindano na kukwambia endelea kula utakavyo anakuuzia kitu ambacho utafiti ule haukukipima.

Na ukiiacha? Hapa ndipo penye mfupa. Mwaka mmoja baada ya kuacha, waliofuatiliwa walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopunguza. Kwa hiyo usiulize bei ya mwezi mmoja. Uliza bei ya miezi kumi na miwili, halafu ujiulize kuhusu mwaka unaofuata.

Madhara yapo: kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo, hasa mwanzoni na dozi inapopandishwa. Mara chache kongosho huvimba au mawe hujengeka kwenye nyongo. Mjamzito haruhusiwi, na anayepanga kubeba mimba huacha mapema kwa maelekezo ya daktari. Na sindano hizi kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji. Ukiletewa kwenye mfuko wa nailoni, imesafiri toka Mombasa juani hadi Voi, hata kama ni halali imekwisha kupikwa. Na huenda si halali. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Wenye maabara kubwa wametapeliwa, sembuse sisi. Hapa Kenya dawa husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni, ukiwa na karatasi ya daktari mkononi.

(Muziki mfupi.)

Tuje kwenye sahani na miguu. Watu huidharau njia hii kwa sababu haina pakiti.

Marekani, mwaka 2002, ulitangazwa utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa mpakani, kama ya mama yetu. Kundi moja lilipewa metformini. Kundi jingine lilisaidiwa kubadilisha chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki, kwa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Waliopewa kidonge, hatari yao ya kupata ugonjwa wa sukari ilishuka kwa asilimia 31. Waliobadilisha maisha, ikashuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 88 ni kilo 6 hivi. Suketi itakuwa bado ileile, lakini sukari imekwisha kusikia habari.

Chawia kuna mteremko na mpando, na zamani hiyo ndiyo iliyotufanyia kazi. Kisimani kwa miguu, shambani kwa miguu, kanisani kwa miguu, sokoni na mzigo kichwani. Leo bodaboda inakuchukua mlangoni, na sahani imebaki ya mtu aliyepanda mlima. Kimanga, chakula chetu cha kupondwa, chenyewe hakina kosa. Maharagwe yanashibisha, mihogo na ndizi ni chakula cha heshima. Tazama bakuli linajaa kiasi gani, na mafuta yamemiminwa mara ngapi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Ili uzichome unahitaji karibu nusu saa ya kutembea kwa haraka. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu kalori 200, na tumbo halikumbuki kama lilikula.

Kwa hiyo anzia jikoni: pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mtungi. Punguza sukari kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Nusu ya sahani iwe mboga, na Taita tunazo za kuuzia Mombasa, tusikose za kula. Ugali robo, maharagwe, samaki au kuku robo. Kisha miguu: mwambie wa bodaboda akushushe chini kabla ya mpando, siku tano kwa wiki, dakika thelathini.

Lakini sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mwaka 2011 watafiti wa Australia waliwafuatilia watu 50 waliopunguza uzito kwa kujinyima sana kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu. Mwili ulikuwa unadai kilo zake kama mwenye deni. Ndiyo maana anayerudisha uzito si mvivu wala si mlafi. Tusimcheke. Na ndiyo maana kujinyima kwa wiki mbili kwa ajili ya harusi hakudumu: ulichopunguza kwa njia usiyoweza kuishi nayo, utakirudisha.

Kuna pia midomo ya watu. Kwetu, aliyenona ameolewa vizuri, na aliyekonda anaanza kunong’onewa kwamba anaumwa. Miaka ya UKIMWI imetuachia hofu hiyo. Mama, ukianza kupungua utaulizwa, “Una nini?” Jibu lako liwe tayari: “Nina presha, naishusha.”

Basi nani ashike nini? Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mama yetu: 88 kwa 1.6 ni 55. 55 kwa 1.6 ni 34 na kidogo. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa kawaida madaktari hufikiria dawa za uzito kuanzia 30, au 27 kama kuna presha, sukari au maradhi mengine yanayoletwa na uzito. Aliye chini ya hapo aanze na jikoni na mpando. Aliye kama mama yetu anaanza na hizohizo, na ana haki ya kumuuliza daktari, pale Mwatate au hospitali ya rufaa ya Moi, Voi: “Je, dawa inanifaa?” Huko si kushindwa. Anayevaa miwani hajashindwa kuona kwa bidii. Na kama unameza dawa za presha au sukari, usiziache wala usizipunguze mwenyewe kwa kuwa umepungua. Rudi upimwe, dozi ipunguzwe na aliyeiandika.

Sasa lete ile kamba. Simama ukutani bila viatu, mtu akupime kwa kamba toka kisigino hadi utosini, aikate hapo. Ikunje katikati. Hiyo nusu izungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, uko vizuri. Zisipokutana, mafuta yamejaa tumboni, karibu na ini na kongosho, na hayo ndiyo yanayosumbua presha na sukari. Haijalishi unaonekana mnene au mwembamba.

Mama yetu nusu yake ni sentimita 80. Ncha zimeachana, vidole vinne vinapita katikati. Asilie. Aitundike kamba hiyo msumarini, karibu na mlango wa jikoni, na amwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake ampime presha na sukari. Baada ya miezi mitatu, aishushe apime tena. Akiona sasa vinapita vidole vitatu, ajue analofanya linafanya kazi, liwe sahani peke yake au sahani pamoja na sindano ya daktari.

Na ile chai kwenye kiondo, mama? Usimpe jirani. Imwage.

Tukutane juma lijalo, na kamba mnijie nayo.

(Muziki wa kufungia.)