Adui Mwenye Uso: Mhadhara wa Kiriri kuhusu Kuchora Mashujaa na Wabaya Wao



Mchora katuni akiachwa peke yake na penseli, bila mhariri wala tarehe ya kukabidhi kazi, atachora vitu viwili: shujaa anayempenda na adui wa shujaa huyo. Nawaona wanafunzi wangu wakifanya hivyo kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya sheria na uchumi. Batman, Spider-Man na Black Panther hutoka upesi, kwa sababu maumbo yao yamekwisha kutulia: kifua, taya, kinyago, basi. Mkono hupunguza mwendo ukifika kwa adui. Hapo ndipo raba huanza kufanya kazi. Macho yanarudiwa, mdomo unarudiwa, mchoraji anainua kichwa na kufikiri.

Nitazungumza kuhusu huyo anayetusumbua. Naamini kwamba mchoraji wa Burundi, na wa ukanda wote wa Maziwa Makuu, hupimwa kwa jinsi anavyomchora adui. Kumnyima adui uso ni kosa la kisanaa, na kwetu kosa hilo limegharimu maisha ya watu.

Nianzie mbali kidogo. Superman wa Jerry Siegel na Joe Shuster alitoka mwaka 1938. Miaka michache baadaye, kwenye jalada la Machi 1941, Captain America alimpiga Hitler ngumi ya taya, na Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Waliolitengeneza, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa watoto wa familia za Kiyahudi, na walijua ni nani wanampiga. Adui yule alikuwa na jina, na alistahili ile ngumi. Sina ugomvi na jalada hilo.

Linalonifundisha zaidi ni jambo lililotokea baadaye kwa Magneto. Mwaka 1963 Stan Lee na Kirby walimtoa kama mtu mbaya wa kawaida tu, mwenye kofia ya chuma na hotuba za kutaka kuitawala dunia. Kwa miaka mingi alibaki hivyo. Kisha mwandishi Chris Claremont akamwekea historia: huyu ni mtu aliyenusurika Auschwitz akiwa mtoto, aliyeona jamaa zake wakiuawa, na ambaye ameapa kwamba watu wa aina yake hawatachinjwa tena, hata ikibidi wao wawe wa kwanza kuchinja. Kofia ilibaki ile ile, nguvu zikabaki zile zile, lakini msomaji hakuweza tena kumtazama kwa wepesi. Mrundi anayesoma kurasa hizo anamtambua mara moja. Hofu ya namna hiyo tumeisikia ikizungumza hapa Burundi, katika pande zote, wakati wa mauaji ya mwaka 1972 na yale ya mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba, na kila upande ulikuwa na makaburi yake ya kuonyesha.

Sasa turudi kwetu, na njia ya kurudi inapitia Brussels. Mchora katuni Hergé alianza kuchapisha safari ya Tintin ya Kongo mwaka 1930, wakati nchi hii nayo ikiwa chini ya Ubelgiji. Mengi yamesemwa kuhusu midomo na macho ya Waafrika katika kitabu kile, na kesi ya kukipinga iliyofunguliwa na Bienvenu Mbutu Mondondo, raia wa Kongo, ilikataliwa na mahakama ya Brussels mwaka 2012. Mimi nataka mtazame jambo jingine. Wabaya wakuu wa hadithi ile ni majambazi wa Chicago, watu wa Al Capone, wanaotaka almasi. Wakongo hawakupewa hata heshima ya kuwa wabaya wakuu. Aliyeukaribia ubaya huo ni mganga wa kijiji, naye anatumiwa na Mzungu. Hivyo nchi nzima imejaa watu wasioweza kutenda wema mkubwa wala uovu mkubwa. Hergé alikuwa fundi hodari wa mstari safi, wenye unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa ukurasa, na mstari huo ulimpa kila Mzungu tabia yake. Waafrika aliwapa sura moja, akairudia.

Sura moja inayorudiwa ni hatari. Tuliona ilifika wapi. Gazeti la Kangura la Hassan Ngeze, lililoanza nchini Rwanda mwaka 1990, lilitumia vibonzo kwa bidii kubwa, maana kibonzo humfikia hata asiyejua kusoma. Novemba 1991 toleo lake namba 26 lilitoka na picha ya panga kwenye jalada. Mwaka 1993 lilichapisha makala iliyowafananisha watu na mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia Ngeze hatiani. Ninapowafundisha wanafunzi sisiti kuwaeleza kurasa hizo, kwa sababu ni somo la uchoraji pia. Adui wa Kangura hakuwa Fulani bin Fulani mwenye mke, deni na duka. Alikuwa kundi. Na kundi halina jirani anayeweza kusema, "Huyu namfahamu, mwacheni."

Bujumbura ilikuwa na jibu lake, na lilikuja kwa njia ya redio. Mwaka 1997 Marie-Louise Sibazuri alianza kuandika mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango kwa ajili ya Studio Ijambo, hadithi ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Mamia ya vipindi vilirushwa wakati vita vikiendelea. Sibazuri aliwapa wahusika wake, wabaya kwa wema, muda wa kutosha kueleza wanachokiogopa. Mchora katuni anayetaka kujua namna ya kujenga adui akae aisikilize kazi ya mama huyu kabla ya kufungua kitabu chochote cha Marekani.

Wasomaji wa Kiswahili nao tuna urithi wetu. Katika gazeti la Uhuru la Dar es Salaam, Christian Gregory alimchora Chakubanga, na nchini Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi. Kisha likaja gazeti la Sani, na humo Lodi Lofa, Kipepe, na yule ninayempenda kuliko wote, Ndumilakuwili. Huyu hataki kuiteketeza dunia. Anataka fedha zako, mke wako, na heshima asiyoistahili, na atazipata kwa kusema hili kwako na lile kwa mwenzako. Kila mtaa wa Buyenzi na Bwiza, hapa Bujumbura, unamjua. Wenye dharau walisema hizi ni katuni za mitaani tu. Mimi nasema zilikuwa na adui bora kuliko vitabu vingi vyenye jalada gumu, kwa sababu msomaji alicheka, kisha akajikagua.

Nataka nikae zaidi kwa mchoraji Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, kwa sababu kazi yake imefika hadi kwenye maji tunayoyaona kutoka hapa. Mwaka 2014 yeye na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie walitoa Madame Livingstone, bede, yaani kitabu cha katuni, kuhusu vita ya 1914 hadi 1918 katika Ziwa Tanganyika. Rubani wa Kibelgiji, Gaston Mercier, anatumwa kuitafuta meli ya Kijerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni Mwafrika mwenye asili mchanganyiko, anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai damu ya Livingstone. Meli ile ilikuwepo kweli: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiopoa, na kwa jina la Liemba ikafanya kazi katika ziwa hili kwa miongo mingi.

Tazameni namna Baruti anavyogawa ubaya. Angeweza kuwaachia Wajerumani kazi yote ya uovu, na msomaji wa Ulaya angeridhika. Badala yake, anayeonekana upande wa Mercier anatutia shaka kama aliye upande wa pili, na anayechekwa kwa mavazi yake ndiye anayeielewa vita kuliko maofisa. Rangi zake za maji zinasaidia. Jioni ya ziwani inawafunika watu wote kwa mwanga mmoja, mkoloni na mpagazi, na jicho la msomaji linalazimika kutafuta nyuso moja moja.

Swali langu kwa wachoraji wa hapa ni hili: Mwezi Gisabo yuko wapi katika kurasa zetu? Mwami huyu alitawala zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki mwaka 1908. Aliwazuia watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, wasiimeze Burundi. Kisha akawakabili Wajerumani. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe, ambaye jina lake limebaki kwa gorila wa milimani, alimshambulia bila idhini ya gavana wake, von Götzen, yule yule ambaye meli ilipewa jina lake. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi akakubali masharti na kutozwa faini ya ng'ombe 424. Shujaa tunaye. Matukio tunayo. Hata milima ya kuchora nyuma yake tunayo.

Lakini hadithi hiyo haichoreki bila Maconco. Huyu alikuwa mkwe wa Mwami. Masimulizi yanaeleza ugomvi uliohusu mbwa, ugomvi uliokua hadi akajiunga na Wajerumani dhidi ya baba mkwe wake. Baadaye Wajerumani wale wale wakamwua. Nimemchora mara nyingi. Rasimu za kwanza zilimpa macho madogo na kicheko cha pembeni, na kila nilipomaliza nilijua nimechora msaliti wa duka, aliyekwisha kuhukumiwa kabla ya kufungua mdomo. Ilinibidi nianze na mbwa. Nilimchora mbwa vizuri, mbavu zake, masikio yake, mkono wa mtu juu ya shingo yake. Fremu tatu hazina maneno. Ndipo nikamwinua Maconco kutoka alipochuchumaa, na uso ukaja wenyewe: uso wa mtu mzima aliyedharauliwa mbele ya watu. Bado ni msaliti. Kijiji bado kinaungua katika ukurasa wa nane. Ila sasa msomaji anajua moto ulianzia wapi, na anaweza kujiuliza ni dharau ngapi ndogo anazozitenda yeye kwa wakwe na majirani zake.

Wapo wenzangu wanaonionya kwamba kumweleza mwovu ni kumtetea. Naliheshimu onyo hilo, hasa linapotoka kwa mtu aliyezika ndugu zake. Jibu langu liko kwenye ukurasa: uso na sababu apewe mwovu, lakini matokeo ya kitendo chake yasifichwe hata fremu moja. Mchoraji anayeonyesha sababu bila maiti ni mwongo sawa na yule anayeonyesha maiti bila sababu.

Hilo linanileta kwenye kazi iliyo mezani mwangu sasa. Kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore liko kwenye mlima unaoutazama mji wa Bujumbura. Chama chake cha Uprona kilishinda viti 58 kati ya 64 mnamo Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli ya Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 29. Sura yake tunaijua sote. Imechapwa kwenye noti na mabango mpaka haina kunyanzi, na mchoraji anayeinakili hapati tabu yoyote. Aliyefyatua risasi, Mgiriki Jean Kageorgis, hana sura katika kumbukumbu yetu.

Tatizo la kwanza ni mahali pa kuweka jicho. Nikichora kutoka nyuma ya bega la Kageorgis, msomaji ndiye anayeshika bunduki, na kwa dakika moja mauaji yanakuwa mchezo wa shabaha. Nimeikataa fremu hiyo ingawa ndiyo inayovutia kuliko zote. Jicho nimeliweka mezani, kati ya sahani na glasi, msomaji akiwa mmoja wa wageni. Kageorgis anapata uso wake baadaye, mchana, gerezani, kabla ya kuuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Mtu aliyekodiwa anafanana na watu wengi, na hivyo ndivyo nimemchora.

Tatizo la pili ni waliomtuma. Ndugu wawili Ntidendereza na Biroli wa chama cha PDC, watoto wa chifu Baranyanka, walinyongwa Gitega pamoja na wengine Januari 1963. Nyuma yao kuna ushindani wa muda mrefu wa koo za kifalme za Bezi na Batare, na kuna maofisa wa Kibelgiji ambao nafasi yao Ludo De Witte aliifuatilia katika kitabu chake cha 2021. Kurasa hizo nne nimezichora kwa mstari mwembamba na bila kivuli, kila mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake, na kila mmoja na sababu yake ndani ya kiputo chake. Rasimu zimebandikwa kwenye ukuta wa nyuma ya ukumbi. Nawaomba wanafunzi wa historia wazipitie kabla hatujafunga milango, waniambie ni kiti cha nani nimekiacha wazi.