Risasi Iliyogoma Si Risasi Iliyokufa

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Musoma)



Katibu aliponiandikia alisema nichague jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Pengine mlitazamia nizungumzie utumishi wa Serikali, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Hayo nitayaacha. Leo nataka kuzungumza juu ya ganda la risasi.

Marehemu babu yangu, kule Butiama, alikuwa akiweka ugoro wake ndani ya ganda la risasi la kizamani, lililozibwa kwa kizibo cha mti. Siku moja alitaka la pili. Mdomo wa ganda alilolipata ulikuwa mwembamba, akalipeleka kwa mhunzi likapanuliwe. Mhunzi akaligonga likiwa baridi, likapasuka kama ganda la karanga. Walipojaribu jingine, mhunzi aliupasha kwanza mdomo wake motoni, akautia majini, kisha akaupanua taratibu. Halikupasuka. Mimi mtoto nilishangaa, maana nilikwisha kuona kwamba panga likitoka motoni na kutiwa majini huwa gumu zaidi. Vipi ganda liwe laini?

Jibu nililipata hapa shuleni, darasani. Ganda la risasi ni la shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Kwa kawaida sehemu 70 za shaba kwa sehemu 30 za zinki. Madini haya yana chembechembe ndani yake. Kila unapoyagonga, kuyakunja au kuyavuta, chembe hizo husongamana na kukazana, na madini huwa magumu, mwishowe hupasuka. Ukiyapasha moto wa kadiri, chembe mpya huzaliwa badala ya zile zilizobanana, na ulaini hurudi. Maji hayana kazi hapa ila kupooza upesi. Chuma cha pua ndicho kinachokazwa na maji; shaba haijali.

Ganda hukazwa kila lifyatuliwapo na kila linaporudishwa katika umbo lake. Hata kukaa ghalani kwaweza kulipasua. Jeshi la Uingereza kule India lilipata tabu hiyo: maganda yalipasuka yenyewe wakati wa masika. Chanzo kilikuwa hewa ya amonia itokayo katika mkojo wa farasi, ikikutana na madini yaliyobanwa. Sisi watu wa Mara, wenye mazizi karibu na nyumba, tunaijua harufu hiyo.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wenye bunduki za kale ambazo risasi zake hazitengenezwi tena. Huchukua ganda la namna nyingine, wakalainisha shingo yake, wakaliingiza katika kalibu, wakalikata kwa kipimo. Ni kazi ya mafundi wenye vibali, na ina sharti moja kubwa: moto uguse shingo tu. Kitako husimamishwa ndani ya maji ili kibaki kigumu, kwa sababu kitako ndicho kinachozuia nguvu ya baruti isimrudie mpigaji usoni. Fundi anayelainisha ganda zima amejitengenezea ajali.

Kazi ya kufufua risasi si ngeni katika nchi yetu. Mwezi Aprili mwaka 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilikuwa imebeba bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck. Meli ilizama katika maji machache, na mizigo mingi iliopolewa. Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Baruti na fataki ziliendelea kuharibika, na risasi zilizogoma zikazidi kuwa nyingi.

Ikabidi zifunguliwe zote. Kule Moshi, kwa miezi mingi, watu wote waliopatikana walifanya kazi toka asubuhi hadi usiku wakifungua risasi, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba risasi zisizoharibika ziliwekwa kwa ajili ya bombomu. Zilizotengenezwa upya, zile ambazo kiasi cha 20 katika 100 ziligoma zilikwenda vitani, na mbaya zaidi zilitumika katika mazoezi ya shabaha. Mwaka uliofuata, 1916, karibu na Tabora, maganda ya shaba yaligeuzwa kuwa fedha: yaliyeyushwa yakapigwa sarafu za heller, kwa kuwa koloni lilikuwa limezingirwa na fedha kutoka Ulaya haziji.

Ndugu zangu, shikeni hesabu hiyo ya Moshi. Risasi 20 zikigoma, 80 hazikugoma. Na hata iliyogoma bado ina fataki na baruti ndani yake. Hesabu hiyo sikuijua mwaka 1996, nilipokuwa Kidato cha Pili.

Likizo ya mwaka ule mwenzetu mmoja wa darasa alikuja kututembelea Butiama kutoka kwao Bunda. Babu alikwisha kufariki. Katika kopo lake nilikuta risasi moja nzima, imeota kutu ya kijani. Kitakoni ilikuwa na alama ya kugongwa, maana yake ilikwisha kujaribiwa ikagoma. Nikamwambia mwenzangu, hii imekufa, tuifanye kikopo kama cha babu. Tukakichomoa kichwa kwa koleo, tukamwaga baruti chini. Kisha mimi, mwanafunzi hodari wa Kemia, nikamweleza habari ya kulainisha shaba kwa moto. Yeye akainama kupuliza makaa.

Tulikuwa tumeisahau fataki. Iko kitakoni, ndogo kama punje ya dengu, na moto ukaiamsha. Ikamchukua jicho la kushoto.

Aliulizwa na wazazi wake, na wa kwangu pia, risasi ilitoka wapi. Akasema aliiokota njiani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Alipoteza muhula mzima, akarudi, akakaa dawati la mbele ili aone ubao, akamaliza nasi. Kwa muda wote huo hakuna aliyejua kwamba risasi ilikuwa yangu, na elimu iliyomwumiza ilikuwa yangu pia.

Mwenzetu huyo yumo ukumbini humu. Juma lililopita nilikwenda Bunda kumwomba radhi, na kumwomba ruhusa niyaseme haya mbele yenu. Alicheka kidogo, akasema, "Sema, lakini usisahau kuwaambia kwamba kikopo hatukukipata."

Basi vijana, nawaachia mambo mawili. La kwanza: mkiona risasi, nzima au yenye dalili ya kugoma, iwe shambani, ziwani au katika kopo la mzee, msiiguse, msiigonge, msiitie moto. Mwambieni mwalimu au mwenyekiti wa kijiji, apeleke habari polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu yeyote kuchezea mambo hayo bila kibali.

La pili: mlilofundishwa lifuateni hadi mwisho wake. Niliyoyajua juu ya shaba yalikuwa kweli tupu. Nilichopungukiwa ni kuuliza ndani ya ganda kumebaki nini. Na mkikosea, semeni siku ile ile. Kunyamaza nako hukaza moyo kama nyundo inavyokaza shaba.