Kijito Kilipokauka
Andiko: 1 Wafalme 17:1-16

Leo tunasema na mtu aliyepoteza kazi. Tunasema pia na mke wake, na watoto wake, na kanisa anamosali. Maana kazi ikiisha, pigo halimwangukii mtu mmoja. Linaangukia nyumba nzima.

Fungueni 1 Wafalme sura ya 17. Eliya amemwambia mfalme Ahabu kwamba mvua haitanyesha. Bwana anamtuma akajifiche karibu na kijito cha Kerithi. Huko anakunywa maji ya kijito, na kunguru wanamletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Ni kama mtu mwenye kontra nzuri: asubuhi chakula kipo, jioni chakula kipo. Kisha mstari wa 7 unatupa habari ngumu. Kijito kilikauka. Na Biblia inataja sababu yake. Haisemi kwamba Eliya alitenda dhambi. Haisemi kwamba mchawi alipita kando ya kijito. Inasema mvua haikunyesha katika nchi, basi.

Ndugu, angalia vizuri. Mtumishi wa Mungu alikuwa mahali pale pale alipotumwa na Mungu, akifanya yale yale aliyoambiwa, na hata hivyo kijito kilimkaukia. Kwa hiyo mtu akija kukuambia kwamba umepoteza kazi kwa sababu Mungu amekuacha, mpeleke kwenye mstari huo wa 7.

Sisi watu wa Katanga tunajua vijito vinavyokauka. Wazazi wetu walikuwa na Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, shule na posho. Watu walisema kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mashine zilizeeka bila kubadilishwa, na mwaka 2003 shaba yote ya mwaka haikufika tani 30,000. Watu walifanya kazi miezi mingi bila mshahara. Ndipo mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipwa kwa fedha ya Benki ya Dunia. Wengi walijiona kama yatima. Na kweli, ukiita kampuni baba, siku inapofunga mlango unakuwa yatima.

Hata kampuni zilizokuja baadaye zina kiangazi chao. Mwisho wa mwaka 2019 mgodi mkubwa wa Mutanda, karibu na Kolwezi, ulisimamisha kazi wakati bei ya kobalti ilikuwa imeanguka. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi, kwa sababu soko lilikuwa limejaa na bei imeshuka mno. Bei hiyo haipangwi na jirani yako. Haipangwi na mama mkwe wako. Haipangwi na mtoto anayelala katika nyumba yako.

Tunalitaja neno hili la mtoto kwa makusudi, wapendwa. Tunajua yanayotokea katika kartie zetu. Baba anapoteza kazi. Mwezi wa kwanza watu wanaomba pamoja naye. Mwezi wa nne wanaanza kuuliza: nani ameifunga riziki ya nyumba hii? Macho yanatafuta mtu asiye na mtetezi. Mara nyingi ni mtoto yatima aliyelelewa na shangazi, au mtoto anayekojoa kitandani, au mtoto anayeongea peke yake. Wanampeleka kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula siku tatu, anapigwa ili akiri. Kisha anafukuzwa, analala sokoni.

Tuseme wazi mbele za Bwana: jambo hilo si ukombozi, ni dhambi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Na Bwana Yesu, katika Mathayo 18, alionya vikali juu ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa. Sisi ni watu wa maombi. Tunafunga, tunakesha, tunaamini kwamba shetani yupo na kwamba damu ya Yesu ina nguvu. Lakini hatutamtoa mtoto kuwa sadaka kwa sababu bei ya kobalti imeshuka. Ikiwa kuna mtoto wa namna hiyo nyumbani mwako leo, mwite, mpe bukari yake, mweke karibu nawe.

Sasa Eliya alifanya nini? Biblia haituonyeshi Eliya akikaa kando ya kijito kikavu mwaka mzima akikumbuka maji. Neno la Bwana lilimjia: ondoka, nenda Sarepta. Na aliondoka. Kutoka Kerithi, ng'ambo ya Yordani, mpaka Sarepta, pwani ya Sidoni, ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Mungu aliyempa maji ndiye aliyempa safari. Ndugu uliyepoteza kazi, safari yako ina hatua, na tutataja chache.

Hatua ya kwanza, sema ukweli nyumbani. Wapo akina baba wanaoamka saa kumi na moja, wanavaa nguo za kazi, wanatoka, wanakaa siku nzima kwa rafiki ili mke asijue. Baba, mke wako si mpelelezi. Ni msaidizi wako. Akijua mapema, atapunguza matumizi mapema, na mtaomba kwa jina moja na kwa habari moja.

Hatua ya pili, shika karatasi zako. Usitie sahihi usichokisoma. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mwenye kontra isiyo na mwisho uliowekwa, akiachishwa pasipo kosa zito, apewe preavi ya siku za kazi 14 angalau, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili aliotumika. Aliyefanya miaka 6 anahesabu 14 na 42, jumla siku 56. Omba dekonti yako iliyoandikwa. Omba cheti kinachoonyesha kazi uliyofanya na muda wake. Uliza kama michango yako ya CNSS ililipwa kweli. Ukiona mambo hayaeleweki, mwone delege wa sindika au nenda kwenye Inspeksio ya Kazi. Kudai haki yako si kukosa imani. Paulo mwenyewe alidai haki yake ya uraia wa Roma, katika Matendo 22 na 25.

Hatua ya tatu, ogopa haraka katika fedha. Dekonti inapotoka, marafiki wanaongezeka. Wengine walinunua gari kuukuu ili lifanye teksi, na baada ya miezi michache gari lilisimama mbele ya parseli bila injini. Kaa na mke wako, andikeni kwenye daftari: chakula cha miezi mingapi, pango, minervali ya watoto, na kiasi kidogo cha kuanzia kazi. Yanayobaki yasiguswe. Na mtu akikuomba dola mia mbili ili akuingize kwenye kampuni, mkimbie. Kazi ya kweli haiuzwi barabarani.

Hapa wengine watatuuliza: Mchungaji, si mjane wa Sarepta alitoa unga wake wa mwisho kwa nabii? Kwa nini mtu asilete dekonti yote madhabahuni kama mbegu? Tusome habari yote. Nabii hakuchukua chupa ya mafuta na kwenda zake. Alikaa katika nyumba ile, alikula unga ule ule, na Biblia inasema mjane na nyumba yake walikula siku nyingi. Mtumishi anayepokea unga wa mwisho wa mjane na harudi kuuliza kama mtoto amekula, huyo hafuati mfano wa Eliya. Leta fungu la kumi kwa furaha, kama moyo wako unavyokusukuma. Lakini fedha ya chakula cha watoto ni ya watoto.

Hatua ya nne, kubali Sarepta. Eliya alikuwa nabii aliyesimama mbele ya mfalme. Sasa anatumwa kwa mjane anayeokota kuni, katika nchi ya kigeni, nchi ya baba yake Yezebeli. Ilikuwa rahisi aseme: siwezi kushuka mpaka huko. Wapo kati yetu waliokuwa na ofisi, gari la kampuni, dereva. Leo mlango unaofunguka ni mdogo: kufundisha vijana kulehemu, kutengeneza mota za pampu, kuandika hesabu za duka la mtu mwingine, kulima mahindi nje ya mji, kutumika kwa miezi mitatu katika kampuni ndogo inayopeleka wafanyakazi kwa kampuni kubwa. Usiudharau. Mungu hakumwonyesha Eliya ghala. Alimwonyesha konzi moja ya unga, na ile konzi haikuisha.

Tena mtazameni Akila na Prisila, katika Matendo 18. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote watoke Roma. Siku moja tu, nyumba na wateja wamepotea. Walifika Korintho na nini? Na ufundi wa mikono yao. Walishona mahema. Paulo alikaa kwao kwa sababu kazi yao ilikuwa moja. Nyumba ya watu waliofukuzwa ikawa mahali pa kukaa mtume. Cheo kinabaki ofisini, lakini ufundi unatoka nawe. Andika kwenye karatasi moja yote mikono yako inayoyajua, hata yale ambayo kampuni haikukulipia. Tengeneza CV yako, jiandikishe ONEM, na uwaambie watu kumi wa kweli: ninatafuta kazi, ninajua hiki na hiki. Kuomba usiku na kutafuta mchana havipigani.

Sasa neno kwa kanisa. Shemasi akipoteza kazi, asipoteze kiti chake. Mama asiyekuwa na nguo mpya ya sikukuu aendelee kuimba kwaya. Tusimsalimu mwenzetu kwa swali moja tu la "umepata?" kila Jumapili mpaka aanze kukaa nyumbani. Afadhali ajumlishwe kwenye sahani yetu. Ninyi wenye maduka, garaji na mashamba, mkihitaji mtu, ulizeni kwanza kwa mashemasi. Ninyi mlio ndani ya kampuni, mkisikia nafasi imefunguliwa, msiifiche. Kunguru wa Kerithi hawakuwa matajiri, walibeba tu kile walichopewa kubeba.

Wapendwa, hatuwezi kuwaahidi kwamba mwezi ujao kila mmoja atapigiwa simu. Ukame wa siku za Eliya ulidumu miaka mitatu na miezi sita, kama Bwana Yesu alivyosema katika Luka 4. Tunalojua ni hili: kijito hakikuwa Mungu wa Eliya, na kampuni haikuwa Mungu wako. Kijito kilikauka, na aliyekiweka pale alikuwa bado anasema. Sikiliza anakokutuma, vaa viatu, nenda.

Tuombe. Ee Baba, tunakuletea kila nyumba ambayo mshahara umekatika. Mpe baba ujasiri wa kusema ukweli, na mama moyo wa kumsitiri. Linda kila mtoto asibebeshwe kosa ambalo si lake. Utupe kanisa linalogawana unga. Fungua milango, na ile midogo pia, na utupe unyenyekevu wa kuinama tuingie. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.