Sufuria Moja, Moto Mmoja: Kupika kwa Usalama Kambini na Safarini



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo: namna ya kupika mlo kamili kwa sufuria moja na moto mmoja, mtu akiwa mbali na jiko la nyumbani. Huenda baadhi yenu mkajiuliza watumishi wa udhibiti wanahusikaje na sufuria ya mtu. Jibu letu ni kwamba ndani ya sufuria hiyo mna gesi iliyonunuliwa kwa fedha, maji yaliyochotwa ziwani na chakula kilichopita mikono mingi. Na kila kimoja kati ya hivyo kina haki ya mlaji ndani yake, na kina hatari yake pia.

Kupika kambini si anasa ya watalii peke yao. Ni kweli kwamba wageni wenye magari yaliyofungwa kitanda na jiko huingia kwa mpaka wa Mutukula, wakapita Kyaka hadi Bukoba, kisha wakateremka Muleba kuelekea Biharamulo. Na tangu Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilipoanzishwa mwaka 2019, mahema yamepata sababu mpya ya kusimamishwa upande huu wa nchi. Lakini mvuvi wa Bumbire au Goziba hukaa kambini kwa majuma, akipika ndani ya banda la mabati au la turubai. Nasi watu wa Bukoba hatujasahau Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba na kuzilazimisha familia nyingi kulala nje na kupika uani. Siku hiyo aliyejua kupika mlo mmoja kwa moto mmoja aliwalisha watoto wake. Ujuzi huu, basi, ni akiba.

Tuanze na moto. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ndio unaobebeka kwa urahisi katika mtumbwi au gari. Unapoununua, una haki ya kuuona ukipimwa kwenye mizani mbele yako, na muuzaji anapaswa kuwa na mizani hiyo. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Tuseme umeandikwa kilo 7.5, ukiwa na gesi kamili, mizani isome kilo 13.5. Ikisoma 12.5, umelipia kilo moja usiyopewa. Kagua pia kwamba lakiri ya mdomoni haijaguswa, na dai risiti. Ujazaji wa kienyeji, yaani kuhamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo nyuma ya duka, hauruhusiwi, hata kama bei yake inavutia. Malalamiko yapelekwe kwanza kwa muuzaji. Asiposikia, EWURA na Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo, na risiti ndiyo shahidi wako wa kwanza.

Gesi hiyo itadumu kwa muda gani? Jiko dogo la kawaida, moto ukiwa wa wastani, huunguza takriban gramu 150 kwa saa. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una saa 40 za moto. Maharage makavu yasiyolowekwa huweza kuchukua saa mbili na zaidi, nayo ni gramu 300, sehemu moja ya ishirini ya mtungi wako, kwa sufuria moja tu. Yakilowekwa usiku kucha, muda huo hupungua sana. Wali wa dagaa tutakaoueleza hapa huiva kwa muda wa dakika 35, yaani chini ya gramu 90. Mtungi uleule utakupa mapishi zaidi ya sitini ya namna hiyo. Kufunika sufuria na kupunguza moto maji yakishatokota ni kuongeza siku za kula kwa gesi ileile.

Sasa tutaje milo mitatu.

Wa kwanza ni katogo, ambao wenyeji hamuhitaji kufundishwa. Loweka maharage tangu jioni, mwaga maji ya kulowekea, kisha yachemshe katika maji mapya. Hakikisha yanatokota kwa nguvu dakika kumi za mwanzo kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayoumiza tumbo. Yakilainika, panga juu yake ndizi za kupika zilizomenywa, kitunguu, nyanya, chumvi na mafuta kidogo, ongeza maji yafikie nusu ya ndizi, ufunike kwa dakika 25 hadi 30. Anayesafiri siku moja na apike maharage nyumbani, ayabebe, na kambini aongeze ndizi tu.

Wa pili ni wali wa dagaa. Ondoa vichwa vya dagaa wakavu, waoshe mara mbili au tatu kwa maji ya vuguvugu, kwa maana waliokaushwa juu ya ardhi hubeba mchanga. Ukiweza kuchagua, nunua waliokaushwa juu ya vichanja. Wakaange kidogo, weka kitunguu na nyanya, kisha mimina kikombe kimoja cha mchele uliooshwa na vikombe viwili vya maji. Yakitokota, punguza moto, funika, usifunue kwa dakika 20. Huhitaji sufuria ya pili ya mboga, wala hupotezi mchuzi.

Wa tatu ni wa kikaango: viazi vitamu vilivyobaki jana, vikatwe vipande, vikaangwe na kitunguu na nyanya, kisha mayai yavunjiwe juu na kufunikwa hadi yagande kabisa. Na msimu wa senene ukifika, kikaango hichohicho kinatosha. Senene waliotolewa mabawa na miguu hukaangika kwa mafuta yao wenyewe juu ya moto mdogo, na kinachohitajika ni chumvi na subira. Angalizo letu ni moja: mtu ambaye kamba wa baharini humletea mzio asimle senene kwa kujaribu.

Kuhusu maji, ziwa letu ni zuri kutazama lakini si la kunywa jinsi lilivyo. Maji ya kunywa, ya kuoshea nyanya zinazoliwa mbichi na ya kuoshea vyombo yachemshwe hadi yatokote kabisa, yafunikwe, yapoe. Usichote karibu na mahali watu wanapojisaidia au wanapooshea samaki. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kambini hakuna jokofu, hivyo pika kiasi kinacholika. Kuhusu vyakula vya pakiti, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS, taasisi iliyokabidhiwa pia usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019.

Tumeacha jambo zito kuliko yote kwa makusudi, ili mwondoke nalo. Katika ziara zetu za mialoni tulimwuliza kijana mmoja kwa nini ameliingiza jiko la mkaa ndani ya banda analolala. Akatujibu kwa adabu kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na mkaa ulikuwa bado haujaisha. Jibu hilo si la mjinga. Ni la mtu aliyeununua mkaa huo kwa jasho lake na ambaye usiku wake una baridi. Tukamweleza, nasi tunawaeleza ninyi, kwamba mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika banda lililofungwa, hema au gari, hewa hiyo humlewesha aliyelala kabla hajatambua kuwa yu hatarini. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uzito wa usingizi, ambazo mtu aliyechoka huzidhania kuwa ni uchovu. Mkaa usio na ndimi za moto hutoa hewa hiyo pia. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, umpeleke kituo cha afya, hata kama anasema ameshapata nafuu.

Wala hakuna haja ya kupoteza mkaa. Ukimaliza kupika, ufunikie nje kwa sufuria kuukuu isiyopitisha hewa. Utazimika, na kesho utauwasha tena. Baridi ya usiku ishindwe kwa blanketi na kwa uji wa moto kabla ya kulala. Jiko lisishinde nasi ndani.

Gesi nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka, ikajikusanya sakafuni mwa hema, ndani ya mtumbwi au chini ya viti vya gari, ikisubiri cheche. Kwa sababu hiyo pika nje, au mlango na madirisha yakiwa wazi. Simamisha mtungi wima, mahali tambarare, mbali na jua kali na mbali na matandiko. Funga vali ya mtungi kila umalizapo, na kabla ya gari au mtumbwi kuondoka. Kagua mpira na klipu zake kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mapovu yakitokea, kuna uvujaji. Gesi hutiwa harufu makusudi ili ituonye. Ukiisikia, funga vali, fungua pande zote, toa watu nje, na usiwashe wala usizime taa, injini au simu. Ndoo ya mchanga kando ya jiko haigharimu kitu. Mchanga wa ufukweni umejaa tele.

Ndugu wasikilizaji, kijana yule alilitoa jiko lake nje tulipokuwa bado tunazungumza, akalifunika, akatuuliza swali lililotufurahisha: kama mzani wa duka alikonunua mtungi haufanyi kazi, je, ana haki ya kukataa kununua? Tulimjibu, nanyi tunawajibu, kwamba anayo. Mlaji anayeuliza anawalinda wenzake, kwa kuwa mtungi uliopungua aliokataa yeye ungechukuliwa na jirani yake.

Kwa hiyo mwendapo ziwani, porini au safarini, kumbukeni mambo manne: pima mtungi kabla ya kulipa, loweka maharage kabla ya kuwasha, chemsha maji kabla ya kunywa, na toa moto nje kabla ya kulala. Mkifanya hivyo sufuria moja itatosha, na mtarudi nyumbani wote mlioondoka.