Mkubwa wa Safari na Watu Wake: Mazungumzo Baada ya Filamu ya Shackleton

Maneno tuliyosema mbele ya familia zilizohama na viongozi wao

 Tunawashukuru kwa kukaa nasi mpaka mwisho, ingawa filamu ni ndefu na watu wake wanasema Kiingereza. Sasa tuzungumze juu ya yale tuliyoyaona.

Filamu hii inaitwa Shackleton. Ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya televisheni mwaka 2002, katika sehemu mbili. Aliyeiongoza ni Charles Sturridge, na anayecheza nafasi ya mkubwa wa safari ni Kenneth Branagh. Ernest Shackleton alikuwa mtu kweli, na safari yake ilianza mwaka 1914, wakati Ulaya ilikuwa inaingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kusudi lake lilikuwa kuvuka kwa miguu bara la Antaktika, kusini kabisa mwa dunia. Kwetu theluji tunaijua kwa mbali, juu ya kilele cha Ruwenzori. Kule hata bahari inaganda. Meli yao, Endurance, iliondoka kisiwa cha South Georgia mwezi wa Desemba 1914 ikiwa na watu 28. Mwezi wa Januari 1915 barafu ikaishika, na haikuiachia tena. Mwezi wa Oktoba barafu iliibana meli mpaka mbao zikavunjika, watu wakashuka na kupiga mahema juu ya barafu. Tarehe 21 Novemba 1915 meli ikazama. Mabaki yake yalionekana tena mwaka 2022, kwenye kina cha mita 3,000 hivi.

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja wazi. Wale watu walichagua kwenda, na walikuwa na mkataba wa mshahara. Ninyi hamkuchagua. Mlitoka usiku na watoto mgongoni. Kwa hiyo hatukuleta filamu hii ili tuwaambie, "Vumilieni kama Wazungu wale." Mtu aliyekimbia mara tatu hana haja ya kufundishwa uvumilivu. Tumeileta kwa sababu ya swali linalotusumbua katika kazi yetu: watu waliopoteza kila kitu wanawezaje kuishi pamoja bila kugeukiana?

Jambo la kwanza ni kugawa. Walipoiacha meli, mifuko ya kulalia ya manyoya ilikuwa 18 tu. Iliyobaki ilikuwa ya sufu, na baridi iliipenya. Kura ikapigwa. Mifuko mizuri ikaangukia mabaharia wa kawaida, na Shackleton pamoja na wakubwa wengi wakalala katika ile ya sufu. Baharia mmoja aliona kwamba kura ile ilichezewa, lakini ilichezewa ili wadogo wapate. Viongozi wetu, mnajua jinsi watu wanavyotazama siku ya kugawa maturubai na unga. Mtu anaweza kusahau alipata kilo ngapi, lakini hasahau jina la nani lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Jambo la pili ni tumaini. Mwezi wa Aprili 1916 barafu ilipasuka, wakaingia katika mashua tatu, wakafika Elephant Island, kisiwa kisicho na mtu. Hapo Shackleton aliwaacha watu 22 chini ya msaidizi wake, Frank Wild. Yeye na wenzake watano walichukua mashua moja, James Caird, yenye urefu wa mita 7 hivi, wakasafiri baharini kilometa 1,300 hivi mpaka South Georgia. Ni umbali mfupi kidogo kuliko ule wa ndege kutoka Goma hadi Kinshasa. Kisha watatu kati yao walivuka milima ya kisiwa hicho kwa saa 36, wakafika kwenye kituo cha wavuvi wa nyangumi tarehe 20 Mei 1916.

Wale 22 walibaki miezi minne wakiishi chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, wakila pengwini na sili. Kijana mmoja alikatwa vidole vya mguu hapo hapo. Wild aliwaambia kila asubuhi wakunje vitu vyao, kwa maana pengine mkubwa angefika siku hiyo. Maneno yale hayakuwa ahadi tupu, kwa sababu yalifuatwa na kazi: kuwinda, kupika, kuondoa theluji. Shackleton naye alijaribu kuwafikia mara tatu, barafu ikamrudisha. Mara ya nne, tarehe 30 Agosti 1916, alifika kwa meli ndogo ya serikali ya Chile, Yelcho, chini ya Kapteni Luis Pardo. Wote 22 walikuwa hai.

Hapa tunajisemea sisi wa mashirika pia. Tunapokuja kuandika majina na kusema "tutarudi", kuna mama anayesubiri kwa neno hilo. Kama njia imefungwa, inafaa turudi tuseme kwamba imefungwa.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Yule seremala, McNish, aligoma siku moja juu ya barafu. Alisema meli imezama, basi mkataba umekwisha, na yeye hafuati tena amri. Shackleton alijibu kwamba mkataba unaendelea na mshahara unaendelea. McNish akarudi kazini. Ni yeye aliyeinua kingo za mashua ya James Caird kwa mbao za masanduku, akaifunika kwa turubai. Bila mikono yake, pengine ile mashua isingefika. Hata hivyo, medali ya heshima ilipotolewa Uingereza, Shackleton hakupendekeza jina lake. Watu wanne wa Endurance walinyimwa, na wawili kati yao walikuwa wamesafiri naye katika mashua ile.

Tunamheshimu Shackleton, lakini hapo hatumfuati. Katika kila kambi kuna McNish. Ni yule anayesimama mkutanoni kuuliza kwa nini orodha imebadilika. Mara nyingi tunamwita mkorofi, na jina lake linapotea kwenye kazi ya malipo. Kumbe huenda ni yeye anayejua kutengeneza paa. Kiongozi anayelipiza kisasi kimya kimya anapanda ugomvi utakaovunwa na watoto.

Jambo la nne ni wale wanaosahauliwa. Watu wengi husema Shackleton hakupoteza hata mtu mmoja. Ni kweli kwa wale wa Endurance. Lakini upande wa pili wa Antaktika kulikuwa na kundi lingine la safari hiyo hiyo, lililotumwa kuweka akiba ya chakula njiani kwa ajili ya wale waliotarajiwa kuvuka. Waliiweka, na hakuna aliyekuja kuila. Watatu wao walifia huko. Tunapohesabu waliookoka, tuulize pia ni nani hakuhesabiwa.

Na tumalizie na hili. Shackleton alipofika kwenye kituo kile, aliuliza vita viliisha lini. Akajibiwa kwamba havijaisha. Wengi wa watu wake waliporudi nyumbani waliingia vitani. McCarthy, aliyesafiri katika ile mashua ndogo, aliuawa baharini mwaka 1917. Cheetham, mmoja wa waliosubiri pale kisiwani, aliuawa baharini mwaka 1918. Barafu iliwashindwa, na binadamu wenzao wakawamaliza. Vijana wetu, mtu akija kuwaambia kwamba bunduki itawatoa haraka katika maisha haya, wakumbukeni wawili hao.

Tunawaachia maswali matatu ya kuzungumza katika vikundi vyenu. Nani hupata mfuko wa manyoya kwetu? Nani ndiye McNish wetu, na tumemtendea nini? Na ni familia gani haimo kwenye orodha yoyote? Wiki ijayo tutakuja kusikiliza majibu. Kama njia itafungwa, tutatuma habari kwa viongozi wenu.