Jalada la Nyumba ni Mali ya Taifa



Historia ya Dar es Salaam haikukomea kwenye majengo ya Wajerumani. Nyumba za Upanga na Oyster Bay za miaka ya 1950 na 1960, zenye vivuli vya zege juu ya madirisha na kuta za matofali ya matundu yapitishayo upepo, nazo zimo. Miongoni mwa wasanifu wa mtindo huo alikuwamo Anthony Almeida, mzaliwa wa jiji hilo.

Mtafiti wa nyumba hizo huanzia kwenye jalada: hati ya kiwanja, ramani iliyoidhinishwa, daftari la kodi. Majumba ya kupangisha yaliyotaifishwa mwaka 1971 aliyafuate kwa Msajili wa Majumba, kisha Shirika la Nyumba la Taifa, lililoyapokea mwaka 1990. Ndipo awaendee wapangaji wa zamani.

Leo maghorofa yanashika nafasi ya nyumba hizo. Iliyobomolewa hubakiwa na shahidi mmoja, jalada. Mtumishi anayeliachia mchwa anaibomoa mara ya pili. Mwalimu naye awatume wanafunzi kwa wazee, wakaandike wasemayo wangali hai. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni, yahitaji uangalifu.