Amana ya Mpangaji si Mali ya Mwenye Nyumba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Mombasa. Tunaichapa kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wasomaji wengi, wapangaji na wenye nyumba pia. — Mhariri)



Kamati ya tawi imeniagiza niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, lisilostahili mkutano wa chama. Jambo lenyewe ni ile pesa ambayo mpangaji hutoa siku ya kuingia katika nyumba, ambayo watu huiita dipoziti, na jinsi inavyokatwakatwa hata kwisha siku ya kuhama. Mimi nasema si dogo. Chama kisichojua bei ya chumba anacholala mwanachama wake hakijui siasa.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1939 wafanyakazi wa mji huu waligoma, na dai la nyumba lilikuwa mbele katika madai yao: wapewe mahali pa kulala, au wapewe posho ya kulipia kodi. Januari 1947 wakagoma tena, maelfu kwa maelfu, wa bandarini, wa relini, hata wapishi na watumishi wa majumbani, na posho ya nyumba ikawa tena miongoni mwa mambo yaliyopiganiwa. Wazee wale hawakuwa na Bunge wala bendera. Lakini waliona wazi kwamba mshahara unaopokelewa kwa mkono wa kulia na kutwaliwa kwa mkono wa kushoto si mshahara. Je, sisi tuliopata Uhuru mwaka 1963, tutanyamaza mwenzetu akitwaliwa kodi ya mwezi mzima bila hesabu?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Dipoziti hiyo kwa lugha yetu ni amana. Si kodi, kwa maana kodi mpangaji hulipa kila mwezi mbali na hiyo. Si arubuni, ambayo mnunuzi huipoteza akighairi. Wala si kilemba cha kumshukuru mwenye nyumba kwa kukubali kukupangisha. Ni mali ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba, ili kama mpangaji akiharibu kitu au akiacha deni la kodi, la stima au la maji, pawe na pa kulipia. Asipoharibu wala asipodaiwa, amana hurudi kwa mwenyewe. Na kila mmoja wetu amefundishwa tangu utotoni, msikitini au kanisani, amana ni kitu gani.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Tuseme yuko mpagazi wa bandarini, amepanga Kisauni kwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na siku ya kuingia aliweka amana ya shilingi 6,000. Amekaa miaka minne, hana deni. Anatoa notisi ya mwezi mmoja, anafagia nyumba, anarudisha funguo, anaomba pesa zake. Anaambiwa: rangi 4,500, mfereji wa jikoni 800, usafi 1,000. Jumla shilingi 6,300. Kumbe si yeye anayedai, ndiye anayedaiwa shilingi 300!

Na mtu huyu hakuhama bure. Nyumba mpya yataka kodi ya kwanza 6,500 na amana 6,500, na gari la kubebea vyombo 1,500. Hizo ni shilingi 14,500 kwa siku moja. Alizitegemea zile 6,000 zimsaidie. Asipozipata huenda kwa wakopeshaji, na riba yao mnaijua. Ndiyo maana nasema amana inayozuiliwa bila haki haimuumizi mtu mara moja. Humuumiza kwa kuipoteza, kisha humuumiza kwa kukopa badala yake. Na mwingine, kwa kuhofia hayo, hubaki katika nyumba mbovu, mvua ikimnyeshea ndani, kwa sababu hana nguvu ya kuweka amana ya pili kabla ya kurudishiwa ya kwanza.

Tuichunguze ile hesabu ya 6,300, kwa maana ugomvi wote umo humo.

Rangi. Nani asiyejua kuta za Mombasa? Chumvi ya bahari hupanda ukutani, unyevu wa masika huingia, na rangi hubambuka yenyewe hata kama chumba kimefungwa na hakuna mtu ndani. Mfereji nao vivyo hivyo. Mitaa mingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji hayo hula mfereji, hula bawaba za mlango, hula kitasa. Kitu kikichakaa kwa hewa, kwa maji na kwa kutumiwa kama kilivyokusudiwa, huo ni uchakavu wa kawaida, na mpangaji amekwisha kuulipia kwa kodi yake ya kila mwezi. Kumkata tena ni kumlipisha mara mbili. Kitu kikivunjwa kwa uzembe au kwa hasira, kioo kikipigwa, sinki likipasuliwa, mlango ukitobolewa, huo ni uharibifu, na aliyeharibu alipe. Shikeni tofauti hii, ndugu zangu. Kuchakaa ni kwa mwenye nyumba, kuharibu ni kwa mpangaji.

Hata penye uharibifu wa kweli, pana kipimo. Tuseme rangi ya chumba hudumu miaka mitatu, na kuipaka upya ni shilingi 4,500. Mtoto wa mpangaji amechora kuta zote kwa mkaa baada ya mwaka mmoja. Rangi ilikuwa imebakiza miaka miwili katika mitatu. Basi mpangaji alipe theluthi mbili, shilingi 3,000, wala si 4,500, kwa sababu theluthi moja ilikwisha kutumika kwa haki. Akiwa amechora ukuta mmoja katika minne, alipe sehemu ya ukuta huo. Na yule mpagazi wetu aliyekaa miaka minne? Rangi yake ilikwisha maisha mwaka mmoja nyuma. Hadaiwi hata senti moja ya rangi. Mwenye nyumba ana haki ya kufidiwa hasara yake, lakini hana haki ya kupewa nyumba mpya kwa pesa ya mtu aliyemwachia nyumba ya zamani.

Najua humu ndani wamo wenye nyumba, na baadhi yao wamekwisha kununa. Ndugu zangu, chama hiki ni chenu pia. Sisemi juu yenu kama adui. Wengi wenu si matajiri. Yuko mama mjane ambaye vyumba vyake vitatu ndivyo chakula chake na ada ya wajukuu. Naye ana malalamiko ya haki. Wapo wapangaji wanaohama usiku na funguo mfukoni, wameacha bili ya maji ya miezi mitatu na choo kimeziba. Wapo wanaosema mwezi wa mwisho, "Kula dipoziti yako," wasilipe kodi, na nyumba ikikutwa imeharibika hakuna pa kulipia. Tabia hiyo ni mbaya na hatuitetei.

Lakini tuulize sababu yake. Mpangaji hula dipoziti kwa sababu haamini kwamba itarudi. Mwenye nyumba huizuia kwa sababu haamini kwamba nyumba itarudi kama ilivyotoka. Kila mmoja amnyang'anya mwenziwe kabla hajanyang'anywa. Na mara nyingi mwenye nyumba ameitumia ile amana zamani, ameezekea bati au ameuguza mtoto, na siku ya kuhama hana cha kurudisha, ndipo hutafuta doa ukutani. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Nchi iliyotutawala iliyaona haya kwake. Tangu Aprili 2007, katika England na Wales, sheria yamtaka mwenye nyumba aihifadhi amana katika mpango uliokubaliwa na serikali. Pakitokea ubishi juu ya makato, mpango huo una mwamuzi ambaye pande zote mbili zaweza kumwendea bila malipo, na mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuonyesha uharibifu. Asiyeihifadhi amana aweza kuamriwa kulipa faini ya hadi mara tatu ya pesa hiyo. Sisemi tuige kila kitu cha Mwingereza. Nasema yeye, aliyetufundisha kwamba nyumba ni mali takatifu ya mwenyewe, amekubali nyumbani kwake kwamba amana ni mali ya mpangaji.

Kwetu amana hukaa mfukoni mwa aliyeipokea. Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, iliandikiwa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na wengi wenu mmeupita mpaka huo zamani. Lakini msidhani hakuna mlango. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilitungwa mwaka 2016, na mahakama yenyewe ikaanza kazi Nairobi mwaka 2021, kisha ikaenea miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya fedha ambazo mtu anazishika na ni za mwenziwe. Sheria imeipa siku 60 kumaliza shauri, na mtu aweza kusimama mwenyewe kujieleza.

Hata hivyo mahakama hutaka ushahidi, na hapo ndipo wengi wetu huanguka. Mtu aliweka 6,000 mkononi mwa wakala, hakupewa stakabadhi. Mfereji ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, hakuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo fanyeni hivi. Siku ya kuingia, mpangaji na mwenye nyumba wapite pamoja chumba kwa chumba, waandike hali ya kuta, milango, vitasa, vioo, mifereji, choo na taa, na tarakimu za mita ya stima na ya maji. Watie sahihi nakala mbili, kila mtu yake. Simu mnazo mifukoni. Pigeni picha siku hiyohiyo. Amana ilipwe kwa stakabadhi iliyoandikwa neno "amana", au kwa M-Pesa, na ujumbe usifutwe. Notisi itolewe kwa maandishi. Siku ya kuhama, karatasi ileile itolewe, wapite tena pamoja. Kilichoharibika kiandikwe, na bei yake ithibitishwe kwa risiti ya fundi au ya duka, si kwa mdomo.

Hayo ni ya kila mtu. Lakini mpangaji mmoja mbele ya mwenye nyumba ni mnyonge, kama kuli mmoja alivyokuwa mnyonge mbele ya kampuni kabla ya mwaka 1947. Kwa hiyo naliomba tawi hili liamue mambo manne.

La kwanza, mwanachama yeyote mwenye nyumba za kupangisha asipokee amana bila kutoa stakabadhi. Tuanze na sisi wenyewe, ndipo tuwaambie wengine.

La pili, tawi liwe na mashahidi wawili katika kila mtaa, mmoja mwenye nyumba na mmoja mpangaji, watakaoitwa kukagua nyumba siku ya kuhama. Wasipokee malipo kwa upande wowote.

La tatu, mwanachama mwenye nyumba arudishe amana, au hesabu iliyoandikwa ya makato, katika siku 14 tangu kupokea funguo. Na mwanachama mpangaji asile dipoziti, alipe kodi yake mpaka siku ya mwisho.

La nne, tuwaandikie wajumbe wetu wa Bunge, tuwatake walete sheria ya kuitoa amana mifukoni na kuiweka mahali ambapo hakuna mkono mmoja unaoweza kuifikia peke yake.

Ndugu wanachama, hatuombi hisani. Hatumwombi mwenye nyumba atoe chake. Twamwomba asishike kisicho chake, naye tumrudishie nyumba yake kama alivyotupa, ila kwa kilicholiwa na bahari na miaka. Dawa ya deni ni kulipa, na amana ni deni tangu siku ilipopokewa.

Umoja ni nguvu.